Hita Katika Joto la Idodi

Maji yalikuwa yakienda wapi? Leokadia alijiuliza hivyo huku amepiga magoti kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Makambako, akichungulia uvungu wa pikapu ya baba yake. Boneti ilikuwa wazi. Mvuke mwembamba ulipanda kutoka kwenye rejeta ukachanganyika na ukungu wa asubuhi, hata isijulikane upi ni wa gari na upi ni wa Mungu. Chini ya injini, ambako angetegemea kukuta dimbwi, kulikuwa na changarawe kavu tu. Aliipapasa kwa kiganja ili asidanganywe na macho. Haikuwa na unyevu wowote.

Rejeta hiyo ilikuwa imejazwa pomoni walipoondoka Mbeya, mbele ya macho yake.

"Linakunywa," alisema baba yake, mzee Bartolomeo, aliyesimama na dumu la maji mkononi akingoja injini ipoe. Hakuwa na haraka. "Tangu baridi ianze linakunywa. Ukilipa maji linakwenda, ukilinyima linachemsha. Nimeshalizoea."

"Gari halinywi maji, Baba. Yakipungua, yametokea mahali."

"Ndiyo maana nimekufuata Mbeya mwenyewe, mama. Mimi najua kuyamimina. Anayesomea yanakotokea ni wewe."

Alimwita mama kwa sababu Leokadia alirithi jina la bibi yake, mzaa baba, na tangu azaliwe Bartolomeo hakuweza kumgombeza sawasawa. Angemgombezaje mama yake? Sasa mama huyo alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja jijini Mbeya, na alikuwa akirudi nyumbani Idodi kwa likizo ndefu, sanduku lake likiwa limefungwa kwa kamba nyuma ya pikapu pamoja na magunia ya viazi.

Likizo hiyo ilikuwa na kazi moja. Kwa miaka mingi pikapu ya Bartolomeo ndiyo iliyowapandisha wagonjwa na wajawazito wa Idodi hadi hospitali ya Tosamaganga, juu milimani karibu na Iringa mjini. Lakini mwezi uliopita ilichemsha njiani ikiwa na mgonjwa ndani, na Verediana, mke wa Bartolomeo, akatoa neno: kama chanzo hakitajulikana kabla Leokadia hajarudi chuoni, gari liwekwe chini. Hataki kusikia kwamba mwanamke amejifungulia porini kwa sababu ya maji. Bartolomeo hakubisha. Alimpigia binti yake simu tu, akamweleza habari hizo kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua, na Leokadia akaisikia hofu iliyokuwa chini yake. Kuliweka chini gari lile kulikuwa ni kumweka chini Bartolomeo mwenyewe. Alianza kushika usukani akiwa kijana, na hakuna kazi nyingine aliyoijua wala kuipenda. "Utaendelea kuendesha, Baba," Leokadia alimwahidi siku ile. "Nitalitafuta tatizo mpaka nilipate."

Ahadi hiyo ilimkaa moyoni sasa, akiwa amepiga magoti kwenye changarawe.

Injini ilipopoa waliongeza maji, wakaendelea. Baridi ya kuelekea Mafinga ilikuwa ile inayoingia ndani ya mifupa, na Bartolomeo akafungua hita. Kioo cha mbele kikapata ukungu kwa ndani. Leokadia alikifuta kwa kitambaa, kikabaki na utando kama wa mafuta, akafuta tena.

"Mafinga hiyo," baba yake alisema. "Huku hata miwani ya padri inapata ukungu akiwa madhabahuni."

Walicheka. Leokadia aliendelea kufuta na kuwaza. Aligundua kwamba kila alipotaka kubadilisha gia, baba yake aliinamisha macho mara moja, akatazama chini, kisha akarudisha macho barabarani. Zamani hakuwa na tabia hiyo. Anaitazama geji ya joto, alijisemea, na huruma ikamshika. Maskini baba, hata njia haifurahii tena.

* * *

Siku za kwanza nyumbani Leokadia alifanya kazi kwa utaratibu aliofundishwa, akianzia kwenye jambo jepesi. Alikagua mfuniko wa rejeta, raba yake ikiwa bado nzima. Akaipapasa mipira yote ya maji, wa juu na wa chini, akiminya kila mahali ili kutafuta ufa. Akatazama pampu ya maji chini ya shimo lake dogo, ambako maji huanza kutoka inapochakaa. Pakavu. Akavuta kijiti cha oili, akanusa, akakisugua kwenye karatasi nyeupe: oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa ambayo ingeonyesha kwamba maji yameingia kwenye injini. Akaliwasha gari uani, akaliacha lingurume hadi feni ikafanya kazi, huku akiuangalia moshi wa eksozi. Haukuwa mweupe wala haukunukia kitu.

Jofrey, fundi wa pale Idodi, alikuja kumsaidia akiwa na boksi lake la spana. Alikuwa mtu mnene mwenye utani mwingi, aliyemfahamu Leokadia tangu anasoma shule ya msingi.

"Injinia, niambie ukweli," alisema akifuta mikono. "Hii gari inaumwa au inatafuta huruma?"

"Inapoteza maji, kaka Jofrey. Baba si muongo."

"Sijasema mzee ni muongo. Nasema tumeiwasha asubuhi nzima, maji yako palepale. Angalia mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Leokadia alifungua pia mahali pa themostati, kile kifaa kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto, akakuta haipo; kuna fundi wa zamani aliyeing'oa kwa imani kwamba maji yatapita upesi zaidi na injini itapoa. Alifurahi kama mtu aliyeokota alichopoteza. Alikuwa amenunua mpya Mbeya kwa kubahatisha, akaifunga, akatangaza mezani kwamba huenda tatizo limepatikana. Mama yake alimtazama kwa upendo na mashaka.

"Huenda," Verediana alisema. "Hilo si neno la kupandia mlima na mjamzito."

Mjamzito mwenyewe alikuwa anajulikana. Rozalia, jirani yao wa nyumba ya tatu, alikuwa anangoja mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, wauguzi walimshauri asijifungulie kijijini. Joachim, mumewe, alikuwa ameshazungumza na Bartolomeo. Wote wawili walilala usingizi kwa kuitegemea pikapu ile.

Leokadia aliamua kuyatia maji rangi. Alimwaga maji yote ya rejeta, akajaza kulanti, yale maji ya kijani ambayo wenye magari wengi wa pale waliyaona kuwa anasa. "Maji meupe yakikauka hayaachi alama," alimweleza baba yake. "Haya yataacha. Popote yanapotokea tutayaona."

"Umeyachorea njia," baba yake alisema, akipendezwa.

Kesho yake alfajiri Bartolomeo alimpandisha mzee mmoja Tosamaganga. Aliporudi mchana Leokadia alimngoja uani, na kabla hata ya kumpa pole ya safari alikuwa ameshafungua boneti. Injini ilipopoa alifungua mfuniko. Kulanti ilikuwa imeshuka kwa kiasi cha kutisha. Alizunguka injini nzima akiwa na tochi ingawa jua lilikuwa kali, akitafuta kijani. Hakuona hata doa moja, si kwenye mipira, si kwenye pampu, si kwenye maungio ya injini, si uvunguni.

Jofrey aliitwa. Hakufanya utani safari hii. "Ikikaa hapa haipotezi. Ikipanda mlima inapoteza. Basi ni ule mzigo wa mlima, dada. Gasketi ya silinda hedi inaachia ikibanwa, maji yanaungua humohumo ndani. Hapo lazima kufungua injini."

Leokadia alijua kwamba maelezo hayo yalikuwa na akili. Alijua pia kwamba injini ile ikishafunguliwa haitafungwa kabla likizo yake haijaisha, na pengine haitafungwa kabisa. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, akivua soksi zake nene za sufu kwa taratibu, kana kwamba mazungumzo yale yalimhusu mtu mwingine.

"Kama ni mlima, ni mlima," Bartolomeo alisema. "Milima hatuwezi kuihamisha."

Leokadia aliingia ndani, akakaa kitandani, akalia kidogo, kisha akaona haya kwa kulia kabla ya kumaliza kufikiri.

* * *

Asubuhi iliyofuata mama yake alikuwa akifua nyuma ya nyumba.

"Leo," Verediana alimwita, akiinua soksi moja kutoka kwenye beseni, "haya maji yako ya rangi umemmwagia baba yako?"

"Hapana, Mama. Kwa nini?"

"Basi njoo uone."

Ilikuwa ni soksi ya kushoto. Kwenye sehemu ya juu ya mguu, pale vidole vinapoanzia, sufu nyeupe ilikuwa na doa la kijani lililokataa sabuni. Leokadia aliinusa. Harufu yake ilikuwa tamu, kama peremende iliyoyeyuka mfukoni.

"Soksi hizi anazivaa lini, Mama?"

"Akipanda Iringa. Na katambuga zake zile za tairi, zilizo wazi juu. Hapa Idodi nani avae soksi za sufu? Si atapikika."

Leokadia alisimama na soksi mkononi, maji yakimchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Hapa Idodi nani avae soksi. Hapa Idodi nani afungue hita.

Hilo ndilo walilolisahau wote, yeye, Jofrey na baba yake. Walilipima gari lile uani, kwenye joto la bondeni, ambako mtu akifungua hita angehesabiwa kuwa amerukwa na akili. Walipofunga hita walifunga njia ya maji iendayo ndani ya dashibodi, na gari likawa zima. Lilipopanda kwenye baridi, Bartolomeo alifungua hita ili mgonjwa asitetemeke, na maji yakaanza safari yake. Halikuwa jambo la mlima. Ilikuwa ni baridi. Na ule ukungu mzito wa kioo, ule utando wa mafuta aliofuta kwa kitambaa njia nzima ya Mafinga, haukuwa wa Mafinga hata kidogo. Aliufuta kwa mkono wake mwenyewe na hakuusoma.

Aliliwasha gari. Jua lilikuwa limeshakolea, na mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha banda. Alipandisha vioo, akafungua hita hadi mwisho, akalala ubavu kwenye sakafu ya upande wa dereva akiwa na tochi, kichwa chake kikiwa chini ya usukani.

Jofrey aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama. "Mama Leo, mwanao amefungua hita?"

"Nimeona."

"Idodi hii?"

"Kwani kuna Idodi nyingine, Jofrey? Muulize mwenyewe." Lakini hakumwacha amuulize, alisogea, akafungua mlango wa gari akiwa na kikombe cha maji ya kunywa. "Mwanangu, utaiva humo."

"Kidogo tu, Mama."

Jasho lilimwingia machoni. Alivuta pembeni ngozi ya kondoo ambayo baba yake aliitandika sakafuni kwa ajili ya baridi, na upande wake wa chini ukawa mzito, umelowa, wa kijani. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakilala safari zote zile badala ya kudondoka barabarani. Akamulika juu. Kwenye maungio ya mpira wa hita, ndani kabisa ya dashibodi, tone lilijikusanya, likanenepa, likakaa, kisha likamdondokea kwenye kifundo cha mkono.

Aliurudisha mkono wake kwa nguvu hata ukagonga usukani. Tone lile lilikuwa la moto wa kuunguza.

"Nimelipata," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo wake. Nje, Jofrey alikuwa akicheka na kumpigia makofi, akisema mpira wa hita ni kazi ya nusu saa, gari limepona, injinia ametuaibisha wanaume wote wa barabara hii. Verediana alikuwa akimshukuru Mungu. Leokadia alibaki sakafuni. Alitazama pale tone lilipodondokea, akafuata kwa macho mahali panapokaa mguu wa kushoto wa dereva, mguu wa klachi. Alitazama tena kifundo chake, ambacho kilikuwa kimeanza kuwa chekundu kwa tone moja tu.

* * *

Alimkuta baba yake nyuma ya banda la kuku, akirekebisha wavu.

"Nimesikia makofi," Bartolomeo alisema, uso wake ukiwa umechanua. "Nimekuacha ushangiliwe kwanza. Ni nini, mama?"

"Ni mpira wa hita, Baba. Unavuja ndani ya dashibodi. Maji yanadondoka kwenye mguu wako wa kushoto." Alimwonyesha kifundo chake chekundu. "Yanadondoka yakiwa ya moto sana. Hukuyasikia?"

Baba yake aliuangalia wavu.

"Soksi ni nene," alisema.

"Naomba niuone mguu."

"Umeshakuwa daktari tena."

"Baba."

Alikaa juu ya gogo, akautoa mguu kwenye ndara. Juu ya mguu palikuwa na lengelenge lililopasuka, na ngozi iliyolizunguka ilikuwa nyekundu na yenye majimaji. Lilikuwa jeraha la kumfanya mtu mzima achechemee. Yeye alikuwa akitembea nalo uani tangu jana kama mtu mwenye viatu vipya.

"Katambuga imenichubua," alisema.

Leokadia alichuchumaa mbele yake. Alikigusa kidole gumba kwa ncha ya kidole chake. "Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia pia."

Lakini alikuwa akiutazama mkono wake kila alipojibu, kwa makini, kama alivyokuwa akitazama chini kila alipobadilisha gia. Leokadia akaelewa, na kuelewa huko kukamshuka taratibu kama maji baridi. Haikuwa geji. Njia nzima kutoka Mbeya baba yake alikuwa akiitafuta miguu yake kwa macho.

"Fumba macho, Baba."

"Mama, acha haya."

"Naomba ufumbe."

Akafumba. Leokadia alikishika kidole kidogo, akakibonyeza. Kuku mmoja alikuja, akawatazama, akaenda zake. Bartolomeo aliendelea kungoja, uso wake ukiwa umeinuliwa kidogo, mtiifu kama mtoto anayengoja kupokea komunyo.

"Haya, anza," alisema.

Leokadia hakukiachia kidole. Na Bartolomeo, kwa kuusikia ukimya ule, alifumbua macho, akaona mkono wa binti yake ulipo.

"Ilianza kama ganzi," alisema hatimaye. "Nikadhani ni baridi ya alfajiri. Ikawa hata mchana. Nimejifunza kuitazama miguu, na inatii. Breki naikanyaga vizuri tu."

"Ukiitazama."

"Nikiitazama." Alivaa ndara yake, akihakikisha kwa macho kwamba imeingia. "Usimwambie mama yako bado. Gari limepona, na ulisema mwenyewe kwamba nitaendelea. Niache nimpandishe Rozalia, siku zake ziko karibu. Nikishamfikisha, nitakwenda kupimwa."

Leokadia aliikumbuka ahadi yake vizuri. Aliitoa kwa moyo safi, na moyo huohuo sasa ulimtaka aivunje. Alitaka kusema maneno mengi: kuhusu wajibu, kuhusu kweli, kuhusu abiria wanaopanda gari bila kujua wanachopanda nacho. Aliutazama uso wa baba yake, akayaacha yote.

"Mguu huu unatakiwa uende hospitali leo, Baba, kabla kidonda hakijaingia ndani. Wewe huwezi kuendesha. Mimi sina leseni. Mwenye leseni katika nyumba hii, tukikutoa wewe, ni mtu mmoja."

Bartolomeo alifikiri, na licha ya mambo yote hayo midomo yake ikajaribu kutabasamu. "Mama yako anaendesha kama anasindikiza jeneza."

"Basi tutafika salama."

"Mwambie wewe."

"Nitakaa pembeni yako. Lakini utasema mwenyewe."

* * *

Verediana hakupiga kelele. Aliusikiliza mkasa wote akiwa amesimama mlangoni, akauangalia mguu, akafunga kanga yake vizuri, akaenda kuitafuta leseni. Aliipata kabla hajaolewa, alipokuwa akiendesha gari la ushirika mmoja wa maziwa mjini Iringa, na hajawahi kuiacha ikaisha muda ingawa Bartolomeo alimtania kila alipokwenda kuihuisha. Nyumba ilikuwa na gari moja, na gari lilikuwa na dereva.

Jofrey aliufunga mpira mpya, wakaondoka watatu kwenye kiti kimoja kirefu, Leokadia akiwa katikati. Verediana aliupanda mlima kwa gia ya pili. Pikipiki ziliwapita, kisha likawapita lori la mpunga. Bartolomeo alikuwa ameishikilia dashibodi kwa mikono miwili.

"Hapa huwa naweka gia ya tatu," alisema kwa upole.

"Hapa mimi naweka ya pili," Verediana alijibu.

"Sawa, Mama Leo."

Walipofika kwenye baridi Bartolomeo alinyoosha mkono, akafungua hita. Upepo wa moto, mkavu, ukawapanda miguuni. Leokadia alisikia joto likimwingia hadi magotini, akaona kwamba mama yake naye ameegemea nyuma kwa raha. Baba yake alikuwa akitazama nje ya dirisha.

Hospitalini, muuguzi wa makamo aliyekuwa na sauti ya chini alimpima Bartolomeo damu, na sukari ikaonekana iko juu sana, tena kwa muda mrefu. Akakisafisha kidonda. Kisha akatoa uzi mgumu kama wa kuvulia samaki, akamwomba mgonjwa afumbe macho na aseme kila anapoguswa nyayo. Leokadia alitaka kutoka nje. Mama yake ndiye aliyebaki kando ya kitanda, akiwa amekishika kichwa cha mume wake kwa kiganja, kama mtu anayekizuia kisianguke. Uzi uligusa kisigino, ukagusa unyayo, ukagusa chini ya kidole gumba. Bartolomeo alikuwa kimya. Ulipopanda hadi kwenye kifundo alisema, "Hapo," kwa furaha ndogo iliyomfanya Verediana ageuze uso ukutani.

Muuguzi aliwaeleza bila kuficha na bila kutisha. Kidonda kimewahiwa, kitapona. Sukari itashushwa kwa dawa na kwa chakula. Asitembee peku, na kila jioni mtu aikague miguu yake. Kuhusu ganzi, ambayo sukari ndiyo iliyoileta, hakutoa ahadi. Kuhusu kuendesha gari alimtazama Bartolomeo mwenyewe, akamuuliza anafanya kazi gani, na aliposikia jibu akauweka ule uzi mezani. "Wewe unaijua kazi yako kuliko mimi, baba," alisema. "Jiulize kama ungempakia mkeo."

Njia ya kurudi Bartolomeo hakuishika dashibodi tena. Walipoanza kuteremka kuelekea bondeni alimwambia Verediana asikanyage breki muda wote, aiache injini ilizuie gari. Na kwenye kona fulani apige honi mapema, kwa sababu ng'ombe hupenda kulala upande wa pili. Verediana alifanya kama alivyoambiwa. Mbele kidogo akamwonyesha mahali penye mti ulioanguka, ambapo gari likichemsha pana kijito cha maji karibu. Kisha pahali ambapo simu hushika. Leokadia, katikati yao, aliikunja mikono mapajani. Alihisi kwamba kitu fulani kilikuwa kikipitishwa mbele yake kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na hakutaka kukigusa.

* * *

Jumapili baada ya Misa, Joachim na Rozalia walifika kumsalimu mgonjwa. Jofrey alikuja pia, na majirani wengine wawili watatu, kwa kuwa habari ya hita ya Idodi ilikuwa imeshazunguka na kila mtu alitaka kuisikia kutoka kwa mwenyewe. Walikaa barazani. Leokadia alileta chai, isiyo na sukari kwa baba yake, naye akainywa kwa kukunja uso hadi watu wakacheka.

"Mzee, tumeambiwa gari limepona," Joachim alisema. "Tumshukuru Mungu, na injinia wetu. Sasa Rozalia hapa ana wasiwasi kidogo, anasema analisikia tumbo limeshuka. Nikasema nije nihakikishe. Ikiwa ni wiki hii, utakuwa na nafasi?"

Watu wote walimgeukia Bartolomeo. Mguu wake wa kushoto, uliofungwa bandeji nyeupe, ulikuwa juu ya kigoda. Leokadia aliliweka birika chini. Alijua kwamba hata sasa baba yake angeweza kusema ndiyo, na kwamba hakuna mtu pale ambaye angembishia, kwa sababu walimpenda na walikuwa na haja.

Bartolomeo aliweka kikombe sakafuni. Alikitazama hadi kilipotulia.

"Gari limepona," alisema. "Maji hayapungui tena, mtaliona wenyewe. Mimi ndiye niliye na tatizo. Nina sukari, na miguu yangu haina hisia. Nikikanyaga breki sijui kama nimeikanyaga mpaka niangalie. Nimewapandisha baadhi yenu hivyo, bila ninyi kujua, na Mungu ametuvusha. Sasa mnajua."

Rozalia alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo siendeshi tena," Bartolomeo alisema. "Nitaliangalia maji, nitaliangalia oili, nitafungua boneti kila asubuhi. Usukani ni wa Verediana. Rozalia, saa yako ikifika, iwe mchana iwe usiku, mwite yeye."